Mbwa Wangu Anatafuna Nyaya za Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoishi na mbwa ndani ya nyumba hapa Uganda, iwe ni ghorofa Ntinda, nyumba ya uani Jinja au chumba cha kupanga Busia. Nimeanza na la dharura kwa makusudi. Kama mbwa wako yuko salama sasa hivi, lisome hata hivyo, kwa sababu siku likitokea hutapata nafasi ya kusoma.

Mbwa ameuma waya na amenasa hapo. Nifanye nini sasa hivi?

Usimguse. Mwambie kila mtu aliye nyumbani asimguse, hasa watoto, maana mtoto hukimbilia kumkumbatia mbwa wake. Umeme unaopita kwa mbwa utapita na kwako.

Zima umeme kwanza. Kama swichi ya soketi iko karibu na sakafu ni kavu, zima hapo. Angalia unapokanyaga: mbwa aliyepigwa na umeme mara nyingi hujikojolea, na mkojo hupitisha umeme. Kama kuna majimaji, au soketi iko nyuma yake, kimbilia meni swichi. Kila mtu wa nyumba, pamoja na dada wa kazi, ajue meni swichi ilipo kabla ya siku hiyo. Ikiwa haiwezekani kabisa kuzima, simama juu ya kitu kikavu cha plastiki au mbao na umsukume mbwa atoke kwenye waya kwa mpini mkavu wa ufagio. Chuma hapana.

Akishatoka, tazama ubavu wake kama unapanda na kushuka. Kama hapumui na hana fahamu, mlaze kwa ubavu, ukandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 umfumbe mdomo na kumpulizia pumzi mbili kupitia puani. Mbwa mdogo kama Japanese Spitz unaweza kumkandamiza kwa mkono mmoja ulioshika kifua pande zote mbili. Mwenzako apige simu kwa daktari wa mifugo wakati wewe unaendelea.

Njiani usimfunge mdomo kwa kamba hata kama unaogopa kuumwa. Huenda amebabuka kinywani na anahitaji kila pumzi anayoweza kuvuta. Mfunike kwa kitenge na umweke kwenye beseni au boksi. Foleni ya Kampala ikiwa imesimama, boda boda yenye abiria aliyeshika beseni vizuri itafika kabla ya gari.

Alipiga ukelele, akaachia waya, sasa anakimbia na kula kama kawaida. Bado nimpeleke kwa daktari?

Ndiyo, siku hiyo hiyo. Hapa ndipo mbwa wengi hupotea bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umeme ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na unaweza kusababisha maji kujaa kwenye mapafu. Maji hayo si lazima yaje papo hapo. Yanaweza kuanza kujikusanya baada ya saa kadhaa, hata siku nzima au zaidi, wakati mwenye mbwa ameshatulia na kwenda kulala. Dalili zake ni kupumua haraka, kukohoa, kukataa kulala chini, kukaa shingo ameinyoosha na viwiko ameviweka mbali na kifua, na wakati mwingine povu la rangi ya waridi mdomoni. Fizi zikigeuka za bluu au kijivu, hali ni mbaya sana.

Njia rahisi ya kumchunguza nyumbani: akiwa amelala usingizi, hesabu ubavu unavyopanda kwa dakika moja nzima. Mbwa mzima aliyelala kwa kawaida hapiti pumzi 30. Akizidi hapo na aendelee kuzidi, usingoje asubuhi. Hesabu hiyo ni ya kumwangalia baada ya kutoka kwa daktari. Haichukui nafasi ya kwenda.

Daktari atatazama pia kinywa. Jeraha la umeme linaweza kuonekana dogo: mstari mweupe au wa kijivu kwenye pembe ya mdomo, ulimini au kwenye kaakaa. Baada ya siku chache nyama iliyokufa huanza kubanduka na jeraha linaonekana kubwa kuliko ulivyodhani. Wakati huo mpe chakula laini kilichopoa, kama posho (ugali) laini kwa mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Mwangalie macho pia miezi inayofuata, kwa sababu mtoto wa jicho unaweza kujitokeza baadaye.

Naweza kumpa dawa ya maumivu ya watu wakati nasubiri?

Hapana. Paracetamol, ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua duka la dawa kila siku, zinaweza kumharibu mbwa ini, figo au tumbo. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, na daktari ndiye anayepima kiasi kwa uzito wake.

Kwa nini anapenda nyaya hasa?

Kama ana umri wa kati ya miezi mitatu na saba, meno ndiyo sababu ya kwanza. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Hayo hung'oka na mahali pake huota 42 ya ukubwa. Fizi zinawasha, na waya una ule ulaini wenye ukaidi kidogo anaoutafuta. Unaning'inia, ukivutwa unacheza, na mara nyingi una harufu ya mikono yako. Waya wa chaja ulioshikwa na mtu aliyetoka kula chapati ni kishawishi kikubwa kwa pua ya mbwa.

Mbwa mkubwa anayetafuna mara nyingi ni mpweke au hana kazi. Mbwa anayefungiwa kwenye banda tangu asubuhi na kufunguliwa usiku akiingia ndani atatafuta cha kufanya. Wengine huanza wakibaki peke yao, na utaona anachotafuna ni kile kilicho karibu na mlango uliotokea wewe.

Waya upi ni hatari zaidi?

Umeme wa majumbani Uganda ni volti 240. Waya wowote uliochomekwa ukutani na kubeba umeme huo unaweza kuua: wa friji, televisheni, pasi, birika la umeme, spika, na zaidi ya yote ekstensheni. Waya mwembamba wa chaja ya simu, ule unaotoka kwenye kichwa cha chaja kwenda kwenye simu, kwa kawaida unabeba volti chache na si rahisi ummalize. Lakini chaja za bei ya chini zilizotengenezwa vibaya zinaweza kupitisha umeme wa ukutani hadi kwenye waya huo, na mbwa hatofautishi waya na waya. Ukimwachia huu, umemfundisha na ule.

Simu zenyewe na pawabenki zina hatari nyingine. Betri ya lithiamu ikitobolewa na jino inaweza kuwaka moto.

Nianzie wapi?

Anza na nyumba, mafunzo yatafuata. Watu wengi hutaka mbwa afundike kwanza, na katikati ya mafunzo hayo waya unabaki palepale. Kwa mtoto wa mbwa, kosa moja linatosha.

Kaa chini sakafuni sebuleni, macho yawe kwenye kimo chake, na utazame. Nyuma ya televisheni utaona kitu ambacho ukisimama hukioni: waya wa dekoda, wa spika na wa televisheni umesokotana, ekstensheni imelala kwenye mkeka ikiwa na taa nyekundu, na chaja iliyoachwa kwenye soketi huku ncha yake ikigusa sakafu. Hicho ndicho mbwa wako anachokiona kutwa.

Kisha fanya hivi, chumba kwa chumba. Kisichotumika kitoke kwenye soketi. Usiishie kuzima swichi tu: kama fundi aliyeweka waya aligeuza upande wa moto na ule mwingine, swichi imezimwa na waya bado una umeme. Chomoa. Pasi na birika viwekwe juu vikimaliza kazi, waya umekunjwa, usiachwe ukining'inia mezani.

Ekstensheni iinuliwe kutoka sakafuni. Ifunge kwenye mguu wa meza kwa upande wa nyuma, au uipigilie ukutani juu ya kimo cha mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma. Kimo hicho huongezeka kila wiki kwa mtoto wa German Shepherd, kwa hiyo pima upya.

Nyaya ambazo lazima zibaki chini, zifunike. Maduka ya vifaa vya umeme huuza mifereji ya plastiki yenye kifuniko ambayo hubandikwa ukutani, na mabomba ya plastiki ya kupitishia waya. Cha bei nafuu zaidi ni mpira mgumu wa kumwagilia maji: upasue kwa urefu, uingize waya ndani, ufunge kwa vibano vya plastiki. Mpira laini wa bei rahisi ataumaliza kwa jioni moja, chukua mnene. Na hata mnene humchelewesha tu. Ukague kila wiki.

Mahali pasipofunikika, mzuie mbwa asifike. Sogeza kabati lizibe pengo la nyuma ya televisheni, au weka kigeti kidogo mlangoni. Unapotoka, awe kwenye chumba kimoja au kizimba ambacho umehakikisha hakina waya, akiwa na maji na kitu chake cha kutafuna.

Nimepanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe.

Katika mizigo yetu, yaani vyumba vya kupanga, kitanda, jiko na televisheni viko pamoja, na soketi mara nyingi ni moja au mbili. Hakuna haja ya kutoboa. Meza au kabati likae mbele ya soketi. Ekstensheni iingie kwenye boksi la mbao au la plastiki gumu lenye tundu la waya, na liwe na nafasi ya hewa kwa sababu ekstensheni yenye mzigo hupata joto. Usiizungushie nguo wala boksi la karatasi. Chaji simu ukiwa macho, juu ya meza. Usiku, chaja itoke ukutani. Wengi huchaji simu kitandani huku mbwa analala chini ya kitanda hicho hicho, na hapo ndipo wengi huumia.

Nipake pilipili kwenye waya?

Sikushauri. Pilipili itampata machoni na puani, na wewe na watoto pia mtaigusa. Mshubiri nao ni mchungu, lakini utomvu wake unamletea mbwa kuhara na kutapika. Siki haidumu.

Madaktari wa mifugo na maduka ya vifaa vya wanyama huuza dawa chungu ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hii. Waya uchomolewe, upulize, ukauke kabisa, ndipo uchomekwe tena. Ladha huisha, kwa hiyo rudia baada ya siku chache. Wapo mbwa wasiojali uchungu wowote. Ichukue kama nyongeza juu ya kufunika nyaya.

Nimpe nini atafune badala yake?

Vitu vya mpira mgumu vilivyotengenezwa kwa mbwa, vya ukubwa ambao haviingii kooni mwake. Karoti nzima iliyogandishwa kwenye friji hupoza fizi za mtoto wa mbwa mkubwa kiasi. Kwa mdogo sana mwangalie asiimeze kipande. Kitambaa safi kilicholowanishwa, kikafungwa fundo na kugandishwa hufaa pia, ukiwa naye hapo hapo, na ukitoe kikianza kuchanika.

Ugumu wa kitu upime kwa kucha: ukikibonyeza na kisikubali hata kidogo, kinaweza kumvunja jino.

Sasa yale ambayo yanapatikana kila kona na hayafai. La kwanza ni gunzi la mahindi. Mahindi ya kuchoma yanaliwa barabarani kila jioni na gunzi linatupiwa mbwa kwa upendo, lakini halimeng'enywi. Kipande kikimezwa hukwama kwenye utumbo na mara nyingi hakitoki bila upasuaji. La pili ni mifupa ya muchomo (nyama choma) na ya kuku iliyopikwa: hupasuka kwa ncha kali. La tatu ni sapatu kuukuu. Mbwa hajui sapatu kuukuu na kiatu chako kipya vina tofauti gani, na kamba ya kiatu kwake ni ndugu wa waya.

Nimemkuta na waya mdomoni. Nimfokee?

Zima umeme kwanza, kimya kimya. Usimnyang'anye kwa kuvuta. Akidhani ni mchezo atauma kwa nguvu zaidi, na meno yatapenya. Ukishazima na kuchomoa, mwite kwa sauti ya furaha na umwonyeshe kitu anachokipenda kuliko waya. Dagaa mkavu wa mukene asiye na chumvi hufanya kazi nzuri kuliko biskuti, na ni rahisi. Akiachia, mpe, kisha mpe kitu chake cha kutafuna na umsifu anapokishika.

Neno "acha" lifundishe wakati wa utulivu, mbali na nyaya. Funga dagaa kwenye kiganja, mwache anuse na kulamba. Anapojirudisha nyuma, sema "acha" na umpe dagaa wa mkono mwingine. Vipindi vifupi, kila siku, na watu wote wa nyumba watumie neno lile lile. Baba akisema "acha", mama "wacha hiyo" na mtoto akisema kwa Luganda, mbwa anajifunza lugha tatu na amri haijui.

Kumchapa kunamfundisha jambo moja: atafune ukiwa hupo. Na ukiwa hupo ndipo hakuna wa kuzima swichi.

Umeme ukikatika anaruhusiwa kuwa karibu na nyaya?

Hapana, na swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Umeme ukiwa umekatika, au yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha, mbwa anaweza kutafuna waya mpaka shaba ionekane bila kuumia. Halafu umeme unarudi saa nane za usiku. Sasa una waya uliochubuliwa sakafuni, mbwa anayeujua kwa utamu wake, na labda mtoto anayetambaa. Umeme ukikatika, chomoa vyote, na ukague nyaya kabla ya kuchomeka tena.

Tunatumia sola. Hiyo si salama?

Volti 12 za betri si rahisi zimwue mbwa. Lakini nyaya za betri zikigusana baada ya kutafunwa hupata joto kali na zinaweza kuwasha moto. Kama una inveta, kinachotoka upande wake wa pili ni volti 240 zile zile. Betri na inveta viwe juu au kwenye boksi lenye hewa, na nyaya za paneli zinazoshuka ukutani zipite ndani ya bomba.

Waya umechubuliwa kidogo. Naweza kuufunga teipu?

Uchomoe kwanza. Ukunje polepole kati ya vidole, sehemu kwa sehemu, ukiwa kwenye mwanga. Alama ya jino ambayo imebonyea tu juu ya ganda na haifunguki ukiukunja, unaweza kuivumilia ukiendelea kuiangalia. Ganda likifunguka na ukaona rangi ya waya za ndani, kahawia, bluu au kijani yenye mistari ya njano, basi waya huo umekwisha. Teipu huachia kwa joto na unyevu, na mbwa huibandua kwa furaha. Waya ubadilishwe wote, au ukatwe sehemu mbovu na plagi ifungwe upya na fundi. Kwa kazi za ndani ya kuta, tafuta fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme.

Na ukikuta vijisehemu vidogo vimekwanguliwa nyuma ya kabati ambako mbwa hafiki, pamoja na vinyesi vidogo vyeusi, mshtakiwa wako ni panya. Sumu ya panya usiiweke mahali ambapo mbwa anaweza kuifikia, wala usimwache ale panya aliyekufa.

Fyuzi ya plagi si itamlinda?

Haitamlinda. Fyuzi ya ampia 13 kwenye plagi zetu za miguu mitatu hulinda waya usiungue. Kinachodhuru mwili ni kiasi kidogo mno cha umeme, ambacho fyuzi haikihisi kabisa. Kinachosaidia ni breka ya kuzuia uvujaji wa umeme ya miliampia 30, inayokata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde unapopita njia isiyo yake. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara uone kama inakata. Kama nyumba yako haina, kati ya vitu vyote vya kununua kwenye ukurasa huu ningeanza na hicho, kwa ajili ya watoto pia. Bado haimzuii mbwa kubabuka akiuma waya mbili kwa pamoja, kwa sababu hapo umeme haujavuja.

Amemeza kipande cha waya.

Usimtapishe, shaba inaweza kumchana koo ikirudi. Mpeleke akapigwe picha, kwani chuma na shaba huonekana vizuri kwenye eksirei. Kutapika, kukataa chakula, tumbo gumu au kukosa kujisaidia ni dalili za kukwama.

Mbwa wangu ni mkubwa, hakuwahi kutafuna, na ameanza ghafla.

Mpeleke kwa daktari. Inaweza kuwa maumivu ya meno, tumbo, njaa au upweke baada ya kuhama nyumba. Lakini mbwa anayeuma ovyo vitu visivyoliwa, aliyebadilika tabia na kutokwa mate mengi anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado upo Uganda. Mbwa aliyebabuka kinywani naye hutokwa mate, kwa hiyo usikisie, na usiingize mkono mdomoni mwake. Mfungie peke yake, muite afisa mifugo. Akikuuma au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Je, nimtoe tu nje alale bandani?

Kama bandani hakuna waya, sawa. Lakini tazama vizuri: taa ya ulinzi, kengele ya geti, waya wa pampu ya maji uliovutwa juu ya nyasi. Nje kuna unyevu, na ardhi iliyolowa mvua hufanya shoti kuwa mbaya zaidi. Nyaya hizo zipite juu au zizikwe ndani ya bomba. Na mbwa wa banda anahitaji kutembezwa na kuchezewa kama wa ndani, la sivyo atatafuna mlango wa banda kwanza, halafu kilicho karibu.

Lini nitaweza kuondoa vizuizi?

Meno ya ukubwa hukamilika karibu miezi saba, lakini mbwa wengi huendelea kutafuna mpaka wavuke mwaka, na wale wenye nguvu nyingi zaidi ya hapo. Punguza hatua kwa hatua: chumba kimoja, ukiwa nyumbani, kwa wiki kadhaa bila alama mpya ya jino, ndipo ufungue kingine. Ekstensheni iache ilipo, juu.